Mgongo wa Bibi Harusi

Siku ya arobaini ya Kapitolina tulikula chapati za maji, tukanywa kidogo kwa ajili ya roho yake, na kila aliyesimama na glasi mkononi alisema lile lile: kwamba marehemu na mumewe walipendana tangu siku ya kwanza, wakaoana, wakajenga mji. Mimi nilikuwa nimeketi mwisho wa meza, mdomo umejaa, ndiyo maana nilinyamaza. Sasa mdomo ni mtupu. Ule ni uongo, na tena uongo usio na ladha. Mimi Glafira, niliyelala kitanda cha pili kutoka chake kwa miaka mitano, nasema hivi: Kapitolina Zhurba aliolewa bila kujua, akiwa mgongo wa mwanamke mwingine, na siku alipojua alianguka chini kama gunia la saruji. Kosa lilikuwa la watu watatu. Mmoja wao ni mimi.

Najua nasifika kwa kutia chumvi. Safari hii nimelazimika kuipunguza.

Kapa, ndivyo tulivyomwita, alifika Talovsk mwaka hamsini na nne, akiwa na miaka kumi na tisa, sanduku la mbao, na pasi mpya, kile kijitabu cha kitambulisho cha raia. Pasi ile! Kijijini kwao wakati ule watu walizaliwa na kufa bila kuwa nayo. Mama yake aliishia kuiona ya mwenyekiti wa shamba la ushirika, tena kwa mbali. Kapa alipewa yake alipoandikishwa kwenye ujenzi wa bwawa. Kila Jumapili aliitoa kwenye leso, akaifungua kurasa zote, hata zile tupu, akazisoma polepole kama wazee walivyosoma zaburi. Mtu akiigusa na mikono yenye mafuta alikuwa hasalimiwi wiki nzima.

Kazi yetu ilikuwa lipu. Wengine walijenga bwawa, sisi kikosi cha wanawake kumi na wawili tulipiga lipu nyumba za hao wanaojenga bwawa. Kapa alirusha udongo kwa mwiko kutoka mbali, tap, tap, tap, ukashika pale pale alipoutaka. Ukuta wake ulikuwa laini kiasi kwamba siku moja nzi alitua, akateleza, akavunjika nyonga. Nilimfunga mwenyewe banzi la kijiti cha kiberiti. Miaka miwili mfululizo picha yake ilikaa kwenye ubao wa heshima langoni, na wanaume wakipita pale walikuwa wanatembea upande upande kama kaa.

Aliyempata ni Veniamin Ptakhin, fundi umeme, mweupe wa meno, mpiga akodiani. Alikuwa mtu wa kuchekesha watu. Siku ya kumposa alipanda nguzo ya umeme mbele ya bweni letu akapiga kelele, "Kapa! Ukikataa nashika huu waya!" Kapa akamjibu kutoka dirishani, "Umeme umekatika tangu asubuhi, mpumbavu we, shuka unywe chai!" Hivyo ndivyo alivyokubali. Walipanga kuandikisha ndoa katikati ya Septemba mwaka hamsini na nane, baada ya mavuno ya viazi.

Sasa kulikuwa na mtu mwingine, Pankrat Dolgikh, mwendesha kreni. Mabega kama lango la ghala. Kwa mwezi alisema maneno matatu, na mawili yalikuwa "pisheni chini". Yeye ndiye aliyetushushia ndoo za udongo, na ikichelewa ndoo Kapa alisimama ukingoni, mikono kiunoni: "We gogo! Umelala huko juu? Au ndege wamekujengea kiota kichwani?" Ndoo ilishuka taratibu, ikatua miguuni pake bila kumwaga tone. Wengine tulimwagiwa kila siku.

Agosti mwaka ule ule wakaja watu wa filamu.

Walikuja na malori matatu na taa kama mapipa, wakasema wanatengeneza picha ya mapenzi ya wajenzi: msichana mpiga lipu na mwendesha kreni, wanagombana kuhusu malengo ya kazi, wanapatana, wanaoana, bwawa linafunguliwa. Mwongozaji wao alikuwa kamtu kafupi, kamevaa skafu kwenye joto lile, na neno lake lilikuwa moja tu: ukweli. "Nataka ukweli, ndugu zangu! Ukweli!" Msichana wa filamu alikuwa mzuri kupita kiasi, lakini mwiko aliushika kama mtu anayepakua supu. Basi ikawa uso ni wake, mikono ni ya Kapa. Wakipiga picha uso, Kapa anakaa kando anakula mbegu za alizeti. Wakipiga picha mikono, yule mzuri anakaa kwenye kiti anakula mbegu zetu.

Ikafika harusi. Msichana wa filamu na mwenzake aliyeigiza mwendesha kreni walikuwa wamekwisha rudi Moscow, nyuso zao za harusi zingepigwa picha huko huko ndani ya studio. Hapa mwongozaji alitaka migongo miwili tu, ikisimama mbele ya msajili wa kweli, katika ofisi ya kweli. Mgongo wa kike, Kapa. Kwa mgongo wa kiume alizunguka eneo zima la ujenzi, akawageuza wanaume kama anayechagua farasi, mwisho akamwona Pankrat akishuka ngazi ya kreni. Akashika kichwa. "Huyo!" akasema. "Huo ndio mgongo wa tabaka la wafanyakazi!"

Veniamin alicheka hadi akalia. "Nenda, Kapa, nenda kajifunze. Siku yetu utakuwa mzoefu."

Ofisi ya usajili ilikuwa chini ya Serafima Lukinichna. Mwanamke huyu aliandikisha ndoa, vizazi na vifo kwa miaka ishirini na mbili. Vita vilikuja, vita vikaenda, yeye akapiga muhuri. Mwongozaji akamwinamia kwa adabu.

"Serafima Lukinichna, mama yangu, usiigize chochote. Fanya kama unavyofanya kila siku."

"Mimi sina namna mbili za kufanya," akasema. "Pasi ziko wapi?"

"Pasi za nini tena?"

"Bila pasi sifungui kinywa. Sijawahi."

Mwongozaji akapiga makofi kama mtoto. "Mmesikia? Mmesikia? Huu ndio ukweli! Leteni pasi!"

Pankrat alikuwa na yake kwenye mfuko wa kifua. Ya Kapa ilikuwa bwenini, na Kapa alikuwa nyuma ya lori akivalishwa gauni la kuazima, amekuja moja kwa moja kutoka kazini. Akanipigia kelele, "Glafira, kimbia! Osha mikono kwanza!" Nikakimbia. Mikono sikuosha.

Wao wawili waliambiwa jambo moja tu: msiseme kitu, sauti ni za wengine, nyinyi tikiseni vichwa. Taa zikawaka. Serafima Lukinichna akafungua kitabu chake kikubwa, akasoma kwa sauti ile inayomfanya hata mlevi asimame wima. Akauliza kama ni kwa hiari yao. Migongo ikatikisa vichwa. Wakainama, wakasaini. Mwongozaji alirudia mara tatu, akawapeleka mlangoni na kuwarudisha, lakini kitabu na muhuri vilitumika mara ya kwanza tu. Mara ya pili msajili alipoombwa apige tena, alimtazama yule kamtu mpaka skafu ikalegea. "Watu hawaoani mara tatu kwa saa moja," akasema. Sote tukacheka.

Nilirudisha pasi bwenini mwenyewe. Njiani niliifungua. Niliona muhuri, wino bado mbichi, mstatili mzuri wenye maandishi. Mimi darasa la watu wazima nililikimbia kupitia dirishani, herufi kwangu ni kama nyayo za kunguru kwenye theluji. Nikadhani ni ukumbusho wa filamu. Nikapuliza wino ukauke, nikaifunga kwenye leso, nikanyamaza. Jumapili tatu zilizofuata tulipelekwa shambani kuvuna viazi, pasi haikufunguliwa.

Wiki tatu baadaye tukaenda ofisini: Kapa kwa gauni lake mwenyewe, Veniamin na akodiani, mimi shahidi. Serafima Lukinichna akafungua pasi ya Kapa, akatazama, akaifunga. Akamtazama Veniamin kuanzia viatu.

"Huyu ni nani?"

"Mchumba wangu," akasema Kapa.

"Mchumba wa nini? Wewe umeolewa, mwanangu. Nilikuozesha mwenyewe, tarehe ishirini na tatu Agosti. Kwa Dolgikh, Pankrat."

Veniamin akacheka. Alicheka peke yake kwa muda mrefu. Kapa alikuwa amefungua pasi, na ule ukurasa aliokuwa akiusoma mtupu miaka minne sasa ulikuwa umeandikwa. Alisoma mara moja. Akasoma tena kwa kidole. Halafu akaenda chini, pu! Nilimmwagia maji ya chombo cha maua, pamoja na maua.

"Lakini ile ilikuwa filamu!" Veniamin akapiga meza. "Filamu, mama! Mchezo!"

"Pasi ilikuwa mchezo?" akauliza Serafima Lukinichna. "Saini ilikuwa mchezo? Mimi ni mchezo? Niliambiwa nifanye kama kila siku."

Alikuwa ameshtuka kuliko sisi. Miaka ishirini na mbili bila kosa, na kosa lenyewe limekuja kwa kufanya kila kitu sawasawa.

Akatueleza: kitabu hakifutiki. Njia nyepesi ni kikao cha wafanyakazi kithibitishe kwamba wote wawili hawakuwa na nia ya kuoana, mahakama itafuta. Njia nzito ni talaka: tangazo gazetini, foleni, kesi. Veniamin akapumua. "Basi! Kikao Ijumaa. Lile gogo litasema neno moja, mambo yatakwisha."

Ijumaa ile kantini ilijaa hadi watu wakasimama juu ya masufuria. Kesi za maadili zilipendwa kwetu kuliko dansi. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, mtu mwema aliyetaka kwenda kula, akaanza.

"Ndugu Zhurba, ulikuwa na nia ya kuolewa na ndugu Dolgikh?"

"Sikuwa nayo! Hata ndotoni!"

"Andika. Ndugu Dolgikh, nawe sema hukuwa na nia, tusaini, supu inapoa."

Pankrat alisimama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Akaizungusha hadi mtu mmoja nyuma akasema, "Mshushieni ndoo, labda maneno yamo ndani." Watu wakacheka. Kisha akasema:

"Nilikuwa nayo."

Naapa kwa mwiko wangu, kantini ile yenye watu mia mbili ilinyamaza hadi nikasikia kabichi ikichemka.

"Ulikuwa na nini?" akauliza mwenyekiti.

"Nia."

"Ngoja, ndugu. Ngoja. Hukujua kwamba ni usajili wa kweli. Ulidanganyika kama wote."

"Nilijua. Kitabu kilikuwa cha kweli. Ukurasa wa mia moja na tisa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Tuliambiwa tusiseme."

Veniamin aliruka juu ya benchi. "Sema hukuwa nayo, we mnyama! Neno moja! Unapungukiwa nini?"

Pankrat akamgeukia. Hakuwa na hasira. "Niambie nibebe kitu, nitabeba. Hilo siwezi."

Kapa akainuka. Watu wakampisha njia, wanawake wakaziba macho, wakiacha nafasi kati ya vidole. Tulidhani atamchapa kibao. Alifika mbele yake, akainua uso, maana alimfikia kifuani tu.

"Mwizi," akasema. "Watu wanaiba misumari. Wanaiba kuni. Wewe umeiba 'ndiyo' yangu. Mimi ninayo moja tu maishani, niliitunza nimpe mtu kwa mdomo wangu, wewe umeichukua nikiwa nimekupa mgongo."

Pankrat akawa mweupe kama chokaa. Nami nilitazama mikono yangu ambayo siku ile sikuiosha.

Basi ikabaki njia nzito. Gazeti letu la Taa ya Talovsk lilikuwa na kona ndogo ya matangazo ya talaka, chini kabisa, baada ya bei ya miche ya kabichi. Matangazo manne kwa wiki, basi, kwa wilaya nzima. Kapa alikwenda kuandikisha lake. "Wewe ni wa mia tatu na mbili," akaambiwa. "Rudi mwaka kesho kutwa, majira ya kuchipua." Talovsk tulikuwa tunajenga nyumba nzima kwa miezi sita, lakini kuachana kulichukua mwaka na nusu.

Akangoja. Veniamin naye akangoja, sitaki kumsingizia. Alipiga akodiani chini ya dirisha letu majira yote ya baridi, vidole vikigandia kwenye vitufe, siku moja ilibidi nimbandue kwa maji ya uvuguvugu. Lakini wimbo ulianza kubadilika. Akawa anauliza, "Kapa, una hakika hukuona kile kitabu? Una hakika hukusikia?" Na Kapa akawa anafunga dirisha mapema. Upande wa Pankrat hakuangalia kabisa. Ndoo ilishuka taratibu, ikatua bila kumwaga tone, yeye akachota huku ametazama kando.

Juni mwaka hamsini na tisa filamu ikaletwa kwenye klabu yetu. Nani angekosa? Mkunga alimwacha mama mmoja kwenye uchungu, akasema, "Subiri kidogo, narudi," na yule mama akasubiri. Kapa alikaa safu ya tatu kati yangu na Veniamin. Pankrat alisimama nyuma mlangoni, maana kiti kilichomtosha hakikuwepo.

Tuliona mikono ya Kapa imeota kwenye mabega ya yule mzuri, tukapiga miluzi. Tuliona bwawa letu. Kisha harusi: nyuso za Moscow zinatabasamu, halafu ghafla, migongo yetu miwili, kila mmoja mkubwa kama nyumba, imejaza kitambaa chote cha sinema. Serafima Lukinichna kwa mbali, kitabu, kalamu. Na hapo, ndugu zangu, tukaona jambo ambalo siku ile ofisini hakuna aliyeliona, kwa sababu sote tulikuwa tukitazama mbele.

Kwenye nywele za Kapa, nyuma, chini ya shela ya kuazima, palikuwa na kipande cha lipu kavu. Alikuwa ametoka kazini, nimeshasema. Msajili anasoma, na mkono wa Pankrat unainuka. Mkono ule uliokuwa kama sepetu. Vidole viwili vinakikaribia kile kipande polepole, vile vile alivyoshusha ndoo, vinakitoa bila kugusa unywele. Kisha mkono unashuka, na badala ya kukitupa, anakitia mfukoni.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja hadi pazia la dirisha likaingia ndani. Mwanamke mmoja akasema, "Mama yangu mzazi." Sijui ni nani. Labda ni mimi.

Nilimtazama Kapa. Mdomo wazi. Filamu ikaendelea, bwawa likafunguliwa, maji yakamwagika, yeye bado mdomo wazi. Taa zilipowashwa, Veniamin aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikumjua nayo:

"Ulijua kwamba alikitia mfukoni?"

"Sikujua."

"Sasa umejua," akasema. Akachukua akodiani yake, akatoka. Mwaka huo huo alihamia mradi mwingine kule kaskazini, akaoa muuza tiketi, na nasikia alimfanya acheke hadi uzeeni. Alistahili.

Kesho yake asubuhi, mbele ya zamu nzima, Kapa alipanda kreni. Viatu vya kutokea, sketi ya Jumapili, ngazi ya chuma ya mita arobaini. Nyapara alipiga kelele hadi sauti ikakatika. Kreni ikasimama. Saa mbili nzima wajenzi mia mbili walikaa chini, shingo juu, hakuna ndoo. Waliyoyasema kule juu hakuna ajuaye, isipokuwa mimi, kwa sababu Kapa aliniambia usiku ule kwa kunifinya mkono. Alimwambia, "Kiko wapi?" Pankrat akatoa kisanduku cha kiberiti mfuko wa kifua, ndani pamba, juu ya pamba kile kipande cha lipu. Kapa akasema, "Mjinga mkubwa wewe." Akasema, "Ungeniomba." Naye akasema, "Ningeomba vipi? Ulikuwa unacheka na mwingine." Hayo kwake yalikuwa maneno ya mwaka mzima.

Yaliyofuata mnayajua, watu wazima nyinyi. Kwenye sherehe za Mapinduzi, Novemba, sketi ya Kapa haikufunga. Hakuna aliyesema neno, kwani kosa liko wapi? Mke na mume, muhuri upo. Chama cha wafanyakazi kikawapa chumba. Kila mtu akasema, afadhali, limeisha lenyewe.

Machi, mwaka sitini, Taa ya Talovsk ikatoka. Chini kabisa, baada ya miche ya kabichi: Zhurba Kapitolina, mpiga lipu, anafungua kesi ya talaka dhidi ya Dolgikh Pankrat, mwendesha kreni. Walinisomea. Nikakimbia na gazeti hadi chumbani kwao, kiatu kimoja cha mpira kikabaki kwenye matope.

"Kapa! Hukufuta jina?"

"Sikufuta," akasema. Alikuwa ameketi, miguu imevimba, tumbo limeshika meza, anamenya viazi. "Nimesubiri foleni mwaka na nusu. Naenda."

"Unaenda wapi, mwendawazimu? Una miezi minane!"

Nilimgeukia Pankrat. Alikuwa anachonga kitanda cha mtoto. "Nimemwambia nitampeleka kwa mkokoteni wa farasi," akasema. "Barabara ni mbaya."

Nilikaa sakafuni bila kuambiwa.

Mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye jiko la kuni. Hakimu alikuwa mzee aliyeacha vidole vitatu vitani, mtu wa kusoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alimtazama Kapa, akatazama tumbo, akatazama karatasi, akaivua miwani.

"Mlalamikaji, unadai talaka?"

"Nadai."

"Kwa nani?"

"Kwa huyu."

"Na huyo mtoto ni wa nani?"

"Wa huyu huyu."

"Anakupiga?"

"Athubutu!"

"Mlevi?"

"Sikukuu tu, tena kidogo."

"Mmegombana?"

"Na nani? Huyu haongei."

Hakimu akafuta miwani kwa leso. Watu walijaa hadi mlangoni. "Mwanangu, nina kesi tisa leo. Unataka talaka ili iweje?"

"Niolewe."

"Na nani?"

"Na huyu."

Karani aliangusha kalamu. Serafima Lukinichna, aliyeitwa kuwa shahidi, alishika shavu kama mwenye jino bovu.

Kapa akashika ukingo wa meza. "Mheshimiwa, mimi niliozwa kwa mgongo. Hakuna aliyeniuliza mimi. Aliulizwa msichana wa filamu, mimi nikamtikisia kichwa. Nyumba ninayo, mume ninaye, mtoto anakuja. Lakini 'ndiyo' sijaisema. Huyu mtoto akiniuliza, mama ulimkubali baba, nimwambie nini? Kwamba nilikuwa sijageuka?"

Hakimu aliwaza. Kisha akatamka kwa sauti ya serikali: sheria haivunji familia iliyo imara, sababu za talaka hazikuonekana, madai yametupwa. Akainua mkono wake wa vidole viwili ili afunge jalada.

Sikuwa nimewahi kumwona Kapa akilia, si kwa baridi, si kwa msumari mguuni. Pale alilia, bila sauti. Pankrat aliinuka akasimama nyuma yake, mikono haijui iende wapi.

"Basi niulize wewe," Kapa akamwambia hakimu. "Huwezi kunipa talaka, niulize. Wewe ni serikali kama yule mama. Siondoki."

"Mahakama haiozeshi, raia."

"Sikusema uniozeshe. Nimesema uniulize."

Hakimu alimtazama Serafima Lukinichna. Yule mama alikuwa amekaa wima kama mshumaa. "Uliza," akasema kwa ukali. "Kosa liko kwenye kitabu changu miezi kumi na tisa. Uliza, mzee."

Hakimu akavaa miwani. Akasimama, na sisi sote tukasimama bila kuambiwa. "Raia Zhurba Kapitolina, je, kwa hiari yako, unakubali kuwa mke wa raia huyu, Dolgikh Pankrat?"

Kapa akageuka, akamtazama Pankrat usoni.

"Ngoja," akasema. "Nafikiri."

Jamani! Nilidhani moyo utanitokea sikioni. Alifikiri. Alimtazama paji la uso, akatazama masikio, akatazama viatu. Karani aliongeza kuni kwenye jiko, kuni zikawaka, zikaisha. Pankrat hakuwa na rangi tena, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, kreni nzima ya mtu inatetemeka, na hakuna aliyethubutu kumhurumia, kwa sababu ule ndio ulikuwa muda wake Kapa, aliouibiwa, na sasa anautumia wote, hadi dakika ya mwisho.

"Ndiyo," akasema.

Kwenye daftari la mahakama karani aliandika, nami nilisomewa baadaye kwa malipo ya glasi ya vodka: mlalamikaji, baada ya madai yake kutupwa, amekubali kuolewa na mlalamikiwa, mumewe.

"Kesi inayofuata," akasema hakimu, na ilibidi aseme mara mbili, maana hakuna aliyesogea kuondoka.